Maswali yenu: umesema, lakini umemwambia nani?

Safu iliyopita niliandika kwa kujiamini kwamba intaneti imempa kila mtu kipaza sauti. Barua zenu zimenitoa jasho. Wengi mmekubali habari ya kipaza sauti, kisha mkauliza habari za ukumbi: nani amekaa ndani, nani ana ufunguo, na nani amesimama karibu na swichi. Barua ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo nimezifupisha. Majina ni ya kupanga, mliyojipa wenyewe.

Shikamoo mwandishi. Naomba jibu la moja kwa moja: intaneti inatupa uhuru wa kweli wa kujieleza, ndiyo au hapana? (Mwanafunzi wa Sheria)

Marahaba, mwanangu. Kwenye kusema, ndiyo. Kwenye mengine yanayofuata baada ya kusema, hapana. Najua mwalimu wako hatakupa alama kwa jibu hilo, basi nilifungue.

Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo kwa njia yoyote na bila kujali mipaka. Walioiandika hawakuijua intaneti hata ndotoni, lakini ukiisoma leo utadhani walikuwa wanaieleza. Zamani mtu akitaka kusema na watu elfu moja alihitaji mtambo wa kuchapa, mhariri aliyempenda au kituo cha redio. Leo anahitaji simu yenye chaji. Hilo si jambo dogo, na mara nyingi wanaolibeza ni wale ambao magazeti yalikuwa yanawachapisha tangu hapo. Nami nimo.

Tarehe 8 Februari 1996, Mmarekani mmoja mtunzi wa mashairi ya nyimbo, John Perry Barlow, alikuwa Davos, Uswisi, akatoa tangazo la uhuru wa ulimwengu wa mtandao. Aliziambia serikali zote duniani kwamba hazikaribishwi huko na hazina mamlaka. Siku hiyohiyo rais wa nchi yake alitia saini sheria ya mawasiliano iliyokuwa na kifungu cha kuadhibu maneno yasiyo ya adabu mtandaoni. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ikakibatilisha kifungu hicho, na kwa muda Barlow akaonekana nabii.

Barlow alikesha akilinda mlango wa mbele, asije mtu wa serikali. Wengine wakaingia kwa mlango wa nyuma: wenye kampuni, shemeji zetu, waajiri wetu, majirani, na watu tusiowajua wenye muda mwingi wa kusubiri tukosee. Binadamu hasemi na hewa, anasema na mtu. Ukimnyima kujua anasema na nani, umemchukulia nusu ya uhuru wake hata kama mdomo wake hujaugusa. Mengi nitakayojibu hapa chini yanatoka hapo.

Mimi huandika aya nzima, naisoma, halafu naifuta. Nafanya hivyo karibu kila siku. Hakuna aliyenitisha. Nina tatizo gani? (Mfuta Maandishi)

Huna tatizo, na hauko peke yako. Tena kuna watu walikwisha kuwahesabu wenzako.

Mwaka 2013 watafiti wawili, mmoja wao akiwa mfanyakazi wa Facebook, walichapisha utafiti kuhusu watumiaji milioni 3.9. Walisema maneno yenyewe hawakuyachukua. Walichohesabu ni mara ambazo mtu aliandika herufi tano au zaidi kisha dakika kumi zikapita bila kuyatuma. Katika siku 17, asilimia 71 ya watu hao walifanya hivyo angalau mara moja. Kwa hiyo hata ukimya wako una mtu anayeuona. Mimi jambo hilo lilinikosesha raha kuliko takwimu yenyewe.

Ila kuna kitu kingine humo ndani kinachokuhusu zaidi. Posti zilifutwa kuliko komenti: karibu posti 33 katika kila 100, na komenti kama 13. Kwa nini? Unapokomenti unamjibu mtu unayemwona. Unapoposti huoni mtu.

Chukua sentensi moja nyepesi: "Leo nimechoka na kazi hii." Mwambie rafiki yako mkiwa njiani, atakupa pole, mtageuza mazungumzo. Sasa iposti. Bosi wako anasoma kwamba wewe ni mvivu. Mama mkwe anasoma kwamba binti yake kaolewa na mtu asiyedumu kazini. Anayekudai anasoma kwamba pesa yake imekwenda. Uliyekuwa unasoma naye, ambaye hana kazi mwaka wa pili, anasoma kwamba unamkejeli. Sentensi ni moja, na wote hao wana haki ya kuisoma walivyoisoma, maana kila mmoja anakujua kutoka upande wake. Basi unaanza kupunguza. "Leo nimechoka na kazi hii" inakuwa "Leo nimechoka." Inakuwa "Siku ndefu." Mwishowe unaweka picha ya jua likizama, bila neno hata moja, watu wanalaiki, na bado umechoka.

Wakati fulani Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliwauliza watu kuhusu ufichuzi wa Edward Snowden juu ya serikali yao kudukua mawasiliano. Hiyo ilikuwa habari kubwa ya miaka ile, na matokeo yalitoka mwaka 2014. Asilimia 86 walikuwa tayari kulizungumza jambo hilo ana kwa ana. Miongoni mwa wenye Facebook au Twitter, waliokuwa tayari kuliandika huko ni asilimia 42. Mahali palipojengwa kwa ajili ya kusema ndipo watu walipofunga midomo.

Sisi wenye lugha hii tuna dawa yetu, nayo ni fumbo. Statasi ya maneno matatu, kisha "mlengwa anajijua." Ni ufundi mzuri, sitaki kuudharau: ndani ya ukumbi wa watu mia nne umefaulu kusema na mmoja. Tatizo ni kwamba siku hiyo watu kumi na wawili wanalala wakijihisi walengwa.

Akaunti yangu imefungiwa siku 30 kwa picha isiyo na ubaya wowote. Katiba inanipa uhuru wa maoni. Naweza kushtaki? (Mpiga Picha)

Pole. Picha uliyonitumia nimeiona, na mimi pia sikuona ubaya.

Kisheria, hata hivyo, unamkamata asiyehusika. Katiba nyingi zinaifunga mikono serikali. Kampuni ni mwenye nyumba: ulipobonyeza "Nakubali" ulitia saini masharti yake, na ndani yake aliandika kwamba anaweza kukutoa. Marekani, zilikozaliwa nyingi za kampuni hizi, kifungu kingine cha sheria ileile ya mwaka 1996, kijulikanacho kama kifungu cha 230, ambacho hakikubatilishwa, kinazilinda pande mbili: haziwajibiki kwa mengi unayoyaandika wewe, wala hazilaumiwi zikiyaondoa kwa nia njema. Bila kifungu hicho huenda zisingekubali kubeba maneno ya watu zisiowajua. Pamoja nacho, neno lako linakaa kwa hisani.

Na mara nyingi anayekutoa ni mashine, au mtu mwenye sekunde chache na orodha ya sheria mbele yake. Septemba 2016 Facebook iliondoa picha maarufu ya vita ya mwaka 1972, ile ya mtoto wa Vietnam anayekimbia akiwa uchi, mwili wake umeungua kwa napalm, kimiminika cha moto cha mabomu. Mwandishi wa Norway aliyeiweka alifungiwa. Gazeti kubwa la huko likapiga kelele ukurasa wa kwanza. Waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Erna Solberg, akaiposti kwa kupinga, na posti yake nayo ikaondolewa. Kelele zilipozidi, ndipo picha ikarudishwa. Kwa mashine, uchi ni uchi. Nakushauri ukate rufaa kwenye programu yenyewe, uandike sentensi mbili tu za utulivu, na uhifadhi nakala za picha zako nje ya jukwaa hilo. Mwandishi yule alipata gazeti na waziri mkuu wa kumpigia kelele, mimi na wewe hatuna.

Mimi ni admini wa kundi la ukoo, watu 140. Nimemtoa mjomba kwa kutuma uzushi wa dawa mara tisa. Ananiambia nimevunja uhuru wake wa kujieleza. (Admini Aliyechoka)

Hujavunja kitu. Mjomba ana simu, ana statasi yake, ana makundi mengine sita. Uhuru wake wa kusema haukulazimishi wewe kumtandikia mkeka.

Ila ungemwonya mara ya tatu, kwa heshima na faraghani. Kumtoa mjomba mbele ya watu 140 ni tangazo, na nadhani nawe unalijua hilo.

Natumia jina bandia. Mume wangu anasema mwenye hoja ya kweli hajifichi. Tuamulie. (Kivuli)

Mama Kivuli, mwambie shemeji yangu kwamba kura ina hoja ya kweli na inapigwa kwa siri.

Korea Kusini walilijaribu wazo lake kwa nchi nzima. Tangu 2007 tovuti kubwa zililazimika kuthibitisha utambulisho wa mtu kabla ya kumruhusu kuandika komenti. Lengo lilikuwa kupunguza matusi. Kilichotokea ni kwamba tovuti zikageuka maghala ya taarifa za watu, na mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji milioni 35 kwa mkupuo. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya huko ikaibatilisha sheria, majaji wote kwa kauli moja, ikisema haikuonekana kwamba matusi yalipungua kwa kiasi cha maana. Mtukanaji hatishwi na jina lake. Angalia komenti zozote: wanaotukana vizuri kuliko wote wana majina matatu na picha ya harusi.

Upande wa mume wako naupa haki moja. Jina bandia linalegeza ulimi, na mwanasaikolojia John Suler alilieleza hilo mwaka 2004: mtu asiyeonekana husema ambayo asingesema uso kwa uso. Lakini Suler alisema kulegea huko kuna sura mbili. Mmoja anatoa matusi, mwingine kwa mara ya kwanza anasema kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba imani aliyokulia haimo tena moyoni. Ukiondoa vivuli ili kumpata wa kwanza, wa pili anakwenda naye, na wa pili ndiye asiye na mahali pengine.

Jina bandia lako lina kazi gani? Ukinijibu kwamba ni kwa ajili ya kumsema wifi yako, nitahamia upande wa mume.

Naandika mashairi. Posti zangu zinapata laiki nne. Jirani yangu anaandika hasira tupu, anapata elfu nne. Uhuru gani huu? (Malenga wa Kona)

Malenga, uhuru wa kusema unao. Wa kusikika hukuahidiwa na yeyote, na hilo ndilo linalouma.

Wanaodhani ukurasa wao unaonyesha tu kilichoandikwa wanakosea. Kuna mpangaji, algoriti, anayeamua kipi kipande na kipi kizame. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba kuanzia 2017 emoji, ikiwemo ile ya uso wa hasira, zilipewa uzito mara tano ya laiki ya kawaida. Hesabu hiyo ilisema kwamba mtu aliyekasirika ana thamani ya watu watano waliopenda. Wafanyakazi wenyewe wakaona kwamba posti zenye hasira nyingi zilibeba uzushi na ukorofi kupita kawaida. Uzito ukapunguzwa hatua kwa hatua, na Septemba 2020 ule wa hasira ukafanywa sifuri. Kwa miaka hiyo jirani yako alikuwa anaandikia mizani iliyompendelea, na wewe na vina vyako vya kati na vya mwisho mlikuwa mnashindana na jiwe lililofichwa upande wa pili.

Ubaya wa jambo hili haulii. Anayefungiwa akaunti anajua amefungiwa, anapiga kelele. Anayezamishwa anadhani hana kipaji. Baada ya miezi sita anaanza kuandika hasira kidogo, kwa kuonja. Anaona laiki zimefika arobaini. Hakuna aliyemwamrisha, na shairi limekwisha.

Umeniambia kwamba wanne hao ni walewale kila mara. Basi waandikie wao kwa majina, uwatumie moja kwa moja. Diwani nyingi zilianza na wasikilizaji wachache kuliko hao.

Nikifuta posti, imefutika? (Mwenye Haraka)

Kwako, ndiyo. Kwa aliyepiga picha ya skrini, hapana. Na ukilazimisha sana unaweza kuiamsha. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alimshtaki mpiga picha wa pwani ya California kwa sababu nyumba yake ilionekana katika picha moja kati ya takriban 12,000 zilizopigwa kuonyesha mmomonyoko wa ufuo. Kabla ya kesi, picha ile ilikuwa imepakuliwa mara sita, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Baada ya kesi kujulikana, zaidi ya watu 420,000 waliitembelea tovuti hiyo ndani ya mwezi. Kesi alishindwa.

Wanaonitukana wanasema ni uhuru wao wa maoni. Ni kweli? (Mtangazaji)

Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini wahenga hawakuamka asubuhi wakakuta matusi mia sita kwenye simu.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unaulinda uhuru wa kujieleza, kisha unaruhusu uwekewe mipaka kwa masharti: mpaka uwe umeandikwa kwenye sheria, na uwe wa lazima kwa kulinda haki na heshima ya wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya jamii. Uenezaji wa chuki ya utaifa, rangi au dini unaochochea ubaguzi, uhasama au ukatili, mkataba unataka upigwe marufuku kabisa. Kwa hiyo anayesema kipindi chako kibovu ana uhuru wake, umvumilie hata akikosa adabu. Anayekutishia kukudhuru, au anayetangaza unapokaa, hatoi maoni yoyote. Hayo yahifadhi yote pamoja na tarehe kabla hujamblokia, kwa sababu ukianza na kublokia ushahidi unaweza kukupotea.

Neno "lazima" katika mkataba huo ndilo linalochakachuliwa sana. Serikali inayokerwa na vikaragosi vya rais nayo husema "utulivu." Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011 Misri ilizima karibu intaneti yote ya nchi kwa siku kama tano, watu wakiwa mitaani wanaandamana, na watu hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo nakuombea sheria ya kukulinda, na wakati huohuo naiogopa itakapofika mkononi mwa mtu mwepesi wa kukereka. Sijapata namna ya kuziacha hofu hizo mbili zisigombane.

Nimeona pia umeandika kwamba nawe huwajibu kwa matusi. Mkuki kwa nguruwe, mama.

Wewe unayetufundisha, kuna jambo hujawahi kuthubutu kuliandika humu? (Mchokozi)

Lipo. Nimeliandika mara mbili. Mara ya kwanza lilifika aya ya tatu, nikakumbuka mtu mmoja ambaye angelisoma akajiona, ingawa sikumkusudia yeye, nikafuta. Mara ya pili nilibadilisha mazingira, nikamgeuza mwanamke kuwa mwanamume na mji kuwa kijiji, na nilipomaliza halikuwa jambo langu tena. Nikalifuta hilo nalo.

Juma lililopita nilimpigia dada yangu, nikamsimulia lote kwa dakika arobaini, chaji ikakata katikati. Nilipompigia tena aliniuliza, "Enhe, akasemaje?"